Kufuli kwenye Swichi ya Sola

Mke wangu alipofariki, mtu pekee aliyebaki kuniuliza kama nimekula alikuwa mwenye jengo moja la ghorofa pale Chapwa, Tunduma. Mimi ni fundi wa sola. Nilimfungia paneli juu ya paa, na tangu hapo, kila ikifika saa saba mchana, alinipigia simu: "Fundi, ugali umeiva, uko wapi?" Nikawa naenda hata kama hakuna cha kurekebisha.

Watu wa zimamoto walimtaka aache njia ya kupita kati ya paneli, na aweke swichi ya kukatia umeme wa sola chini, karibu na mlango. Jua likiwaka paneli haziachi kutoa umeme, na askari hawezi kumwaga maji bila kukata kwanza. Nikaiweka. Haukupita mwezi, jamaa akaichomelea kizimba cha nondo, akatia kufuli, ufunguo akautundika kiunoni. Na mara kwa mara yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akifuata bidhaa.

"Kaka, moto ukiwaka nani atafungua?"

"Fundi, hii Tunduma. Ukiacha kitu wazi leo, kesho unauziwa mwenyewe."

Nikacheka. Najilaumu hadi leo kwa kicheko kile. Niliogopa kumkera, maana nikimkosa yeye nitakula na nani?

Siku moja mchana, nikipita pale, moshi ukatoka darini. Kina mama washonaji wa vyumba vya chini walikimbia na vitambaa vyao mikononi. Zimamoto wakafika, wakauliza swichi iko wapi. Nikawaonyesha kizimba. Tukampigia mwenye jengo. Laini yake ya huku haikushika kule ng'ambo. Askari wakasimama na mpira wa maji mikononi huku mimi nikiponda kufuli kwa nyundo ya mwashi. Nilitukana matusi ambayo mama yangu hakunifundisha. Lilipokatika, dari la vyumba viwili lilikuwa limeshaungua. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia.

Mkubwa wa zimamoto akaniuliza nani aliweka kizimba. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kusema ni mimi, yakaishia hapo. Nikawaza wale washonaji, nikamtaja mwenye jengo, nikaweka na sahihi kwenye maelezo.

Jengo likafungwa hadi atimize masharti. Ametimiza yote: kizimba kimeng'olewa, swichi iko wazi, na kibao chekundu juu yake. Kazi hiyo alimpa fundi kutoka Vwawa.

Wanasema msema kweli mpenzi wa Mungu. Sawa, sibishi. Lakini Mungu haji kula ugali na mimi. Juzi nilipita pale saa saba, nikamkuta mlangoni. Nikamsalimia. Akaangalia simu yake kama vile imeita, akaingia ndani.