Mpaka Hapa

Usiniamini ukitaka, mimi mwenyewe nilipelekwa chuo kikuu ili nisiamini mambo kama haya. Lakini niliyaona Nungwi, jua la utosi, na sikuwa na homa.

Binamu yangu, Bi Mwanaidi, mumewe Makame alikwenda kuvua kaskazini ya Pemba asirudi. Chombo chake kilikutwa kimepinduka, bila yeye, kwenye maji ambayo sisi twasema ni yetu, na jirani zetu wa kaskazini wasema ni yao. Ofisi ya huku ikasema ajali imetokea kwao, basi wao ndio wathibitishe kifo. Ya kule ikasema mtu ni wa huku, na safari hii hata maji ni ya huku. Umeona ukarimu huo? Samaki wa pale wanagombewa kila siku. Mfu akawa zawadi.

Bila uthibitisho, Mwanaidi hakuweza kukaa eda. Si mke, si mjane. Akaniita mimi, kwa kuwa niliwahi kuandika tasnifu juu ya mipaka ya bahari.

"Si wewe profesa wa maji? Haya, nambie mume wangu kafia wapi."

Nikamchorea mstari mchangani kwa kijiti. Aliutazama kama anavyotazamwa mtoto anayepika udongo.

Tulipoinua macho, Makame alikuwa amesimama mbele yetu. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mkavu kila upande, ila yeye maji yalimfika vifundoni. Akapiga hatua kutujia, maji yakaja naye. Akapiga nyingine, wala hakukaribia. Mwanaidi akamwuliza:

"Baba Asha, nikungoje mpaka lini?"

"Mpaka hapa," alijibu, kama aliyeulizwa njia. "Mie nshakufa, Mama Asha. Kaa eda."

Mara maji yale yakawa hayapo, naye hayupo.

Tulikwenda ofisini mjini siku ileile, nikatoa ushahidi. Ofisa alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza jambo moja tu: marehemu alipotamka kuwa amekufa, alikuwa amesimama upande gani wa mpaka?

Unacheka? Mwanaidi naye alicheka, akenda zake kukaa eda bila ya karatasi ya mtu. Alipotoka akaposwa. Ndoa haikufungwa, kwenye karatasi bado ni mke wa mtu. Mposaji kaenda kuoa Bububu.

Basi ukiwa na mtu wako avuaye kule, muusie: asifie kwenye maji yenye wenyewe wawili. Siku ya kuzika hatapata hata mmoja.