Kikuba cha Juu ya Paa

Habari ya kufiwa na mume wangu ilinikuta China, mjini Guangzhou, mtaa wa Kangle, kwenye kiwanda kidogo cha ushonaji, nikibishana na mwenye kiwanda juu ya rangi ya vifungo vya mabaibui. Aliyepiga simu ni wifi yangu, na wifi yangu hakuwa na desturi ya kunipigia saa zile, maana kwao Unguja kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Mume wangu alikuwa amesali alfajiri, akarudi kitandani, na hakuamka tena. Hakuwa akiumwa. Jua la Guangzhou halijazama siku ile, huko kwetu walikuwa wameshamzika.

Nilikusudia kupanda ndege. Lakini mwaka mpya wa Wachina ulikuwa unakaribia, tiketi zilikuwa adimu, na kabla sijapata hata moja, mama mkwe wangu alinipigia mwenyewe.

"Sheikh kasema mke hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi habari ilipomfikia," alisema. "Kaa huko huko, mwanangu. Usihangaike na safari."

"Sawa, mama," nilimjibu.

Nilipokata simu nililia, ila ndani ya kile kilio mlikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa nafuu. Nisingelazimika kuingia chumbani kwa marehemu. Nisingekaa mkekani katikati ya wanawake wanaonitazama waone ninavyolia. Kwa miaka mingi yeye alikaa Unguja akiuza dukani, mimi nikakaa China nikinunua na kupakia, na tulikuwa tukionana kwa msimu, kama jamaa wa mbali. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho tulipozungumza jambo lisilohusu mzigo. Sikukumbuka.

Basi nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, kwenye jengo la zamani la mtaa wa Xiaobei. Rafiki yangu wa Tanga, tuliyekuwa tunatumia naye ofisi moja katika jengo la Tianxiu Dasha, alibeba shughuli zangu zote. Mimi nilivaa nguo nyeupe kama tulivyozoea kwetu, sikujitia manukato wala wanja, na sikutoka ila kununua chakula.

Mlango wa pili ulikuwa wa bibi mmoja Mchina ambaye nilimwita ayi, kama wanavyoitwa huku wanawake wa umri wa mama zetu wadogo. Tulikuwa na salamu tu, na Kichina changu cha sokoni kiliishia kwenye bei. Nilichojua juu yake ni kwamba paa lote la jengo lile lilikuwa bustani yake. Nilikuwa nikimwona akipandisha udongo kwa ndoo ngazi baada ya ngazi, akishuka na majani makavu.

Mwaka mpya ulipofika aliweka mlangoni kwake chungu cha mchungwa mdogo, ule wenye matunda madogo ya kung'aa, umefungwa utepe mwekundu. Asubuhi ya sikukuu nilitoka kwenda kutupa taka, nguo nyeupe mwilini, mtandio mweupe kichwani, nikakutana naye ngazini. Alijibana ukutani hadi nikapita. Hakuniamkia. Kwao nyeupe ni rangi ya msiba, na msiba hauingizwi katika sikukuu ya watu. Nililijua hilo, hata hivyo liliniuma.

Sherehe zilipokwisha kabisa, alinigongea. Alikuwa ameshika mfuko wa machungwa.

"Nilikuona siku ile," alisema taratibu ili nimfahamu. "Isingefaa kuja wakati wa sikukuu. Nani kafa?"

"Mume wangu."

Kisha akauliza kwa nini sitoki, kwa nini siendi sokoni kama zamani. Nilitafuta neno la eda katika Kichina changu sikulipata, nikasema, "Ninasubiri."

"Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu."

Alinitazama kama anayetazama mgonjwa, akaniwekea machungwa mikononi, akaondoka.

Zikaja zile wiki za unyevu ambazo kila mkaazi wa Guangzhou anazijua, kuta zinapotoka jasho na nguo hazikauki hata ufanyeje. Nilikuwa nashinda nikifuta sakafu kwa matambara. Siku jua lilipotoka, ayi alinigongea tena, akanielekeza juu kwa kidole.

"Lete nguo zako uzianike. Machipuko yameingia. Njoo uone."

Nilisita mlangoni. Halafu nikajiambia kuwa paa ni sehemu ya nyumba, na aliye juu ya paa la nyumba yake hajatoka nje. Sikumuuliza mtu yeyote. Nadhani sikuuliza kwa sababu sikutaka kuambiwa hapana.

Juu kule hakukuwa na chungu kimoja kilichonunuliwa kwa ajili ya maua. Mawaridi yalikuwa yameota ndani ya masanduku meupe ya kupakilia samaki, bogenvilia ilikuwa imejaza beseni kuukuu la kuogea na kupanda juu ya tangi la maji, na katika ndoo za rangi zilizopasuka kulikuwa na mrehani wa huku, ule wanaoukaangia kombe za baharini. Chini kabisa, ukichungulia barabarani, misufi ilikuwa imechanua. Ile ya kwetu hutoa maua meupe yasiyoonekana na mtu, lakini ya hapa huwa mekundu, makubwa kama kiganja, hayana hata jani la kuyaficha. Ayi alikuwa ameyaokota mengi na kuyaanika kwenye ungo kwa ajili ya supu.

Nilianika nguo. Nilipomaliza sikushuka.

Kuanzia siku ile nilipanda kila siku. Nilimsaidia kuhamisha miche, kukata matawi yaliyokufa, kuokota konokono chini ya masanduku. Mikono yangu ilinuka udongo na nilikuwa nalala usingizi mzuri, na kila nilipoamka, kitu cha kwanza nilichokikumbuka kilikuwa bustani. Cha pili ndicho kilikuwa mume wangu. Mpangilio huo niliujua na nilijaribu kuubadilisha. Nilikuwa nalala kitandani macho nimeyafumba nikilitaja jina lake kwanza, kwa makusudi, kisha ndiyo nijiruhusu kufikiria waridi.

Joto lilipoanza, asumini ikachanua. Ayi alikuwa nayo safu nzima upande wa mashariki, na kila mwaka maua ya kwanza yakifunguka alikuwa na kawaida ya kuwaita majirani kunywa chai juu ya paa. Mwaka ule wakaja wanawake wawili wa ghorofa ya chini. Waliketi kwenye viti vya plastiki, wakamenya karanga, wakasifu kila mmea kwa zamu, na ayi akawa anajifanya hasikii.

Alinijazia maua mkononi. Mimi nimekulia Unguja. Mkono wangu ukipewa asumini unajua wenyewe la kufanya. Niliomba sindano na uzi, nikachuma mrehani kidogo kwenye ndoo, nikaanza kutunga. Wale wanawake waliacha karanga zao wakanizunguka.

"Hiki nini?" ayi aliuliza.

"Kikuba. Kwetu mwanamke hukibandika kifuani, au kwenye nywele."

"Kwa sikukuu?"

"Kwa mumewe," nilisema, na kwa kuwa nilikuwa natafuta fundo la uzi, sikusikia nilichosema.

Nilitunga kimoja, nikamfundisha ayi akatunga cha pili, kibaya, kilichopinda kama mkia wa mjusi. Alichukua kile changu kizuri akanibandika kifuani kwa pini, juu ya nguo nyeupe, na kile chake kibovu akajitia sikioni, akatembea paani akizungusha kiuno kama bibi harusi kwenye sinema. Nilicheka. Sikumbuki nilipocheka vile mara ya mwisho. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Simu ikalia. Nikaipokea nikiwa bado nacheka.

Ilikuwa simu ya video, na mama mkwe wangu alikuwa ameketi kitandani kwa mwanawe, rundo la mashati likiwa mapajani pake. Kabla hajasema neno nilimwona akinitazama usoni, kisha kifuani. Nyuma yangu ayi alikuwa bado anazunguka na ua lake sikioni.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Alilikunja shati alilolishika, akalilaza juu ya mengine. "Naona una wageni."

"Hapana, mama, ni majirani tu, walikuwa—"

"Basi, mwanangu. Nitapiga siku nyingine."

Akakata. Hakupiga siku nyingine. Mimi nilimpigia mara nyingi, na mara zote alipokea wifi yangu akisema mama amelala, mama anasali, mama ametoka. Mwishowe wifi aliniambia kwamba siku ile mama alikuwa anataka nichague mashati ya kubaki nayo kabla hayajagawiwa. Yalikwishagawiwa yote.

Niling'oa kikuba pale pale paani, pini ikanichana. Ayi aliuliza kuna nini. Ningeweza kumweleza, alikuwa mtu wa kueleweshwa. Badala yake nilikusanya nguo zangu kwenye kamba nikashuka bila kuaga, na sikupanda tena hadi eda ilipokwisha. Aliponigongea nilisema "meiyou", neno letu la sokoni la kusema hakuna, nikisema hivyo hata alipokuwa ameniuliza kama ninaumwa. Asubuhi moja nilikuta bakuli la asumini mlangoni. Nililisogeza kwa mguu hadi upande wake, nikafunga. Nilijua wazi kwamba mwanamke yule hakunikosea lolote. Nilikuwa nimepata mtu wa kumwadhibu, na kumwadhibu yeye kulikuwa rahisi kuliko kujiadhibu mwenyewe.

Eda ilipokwisha nilioga, nikabadilisha nguo, nikapanda ndege ya kwanza niliyoipata.

Mama mkwe alinipokea mlangoni kwa kunikumbatia, akaniongoza kaburini, akanipikia. Hakutaja lolote. Siku zikapita nikidhani labda limesahauliwa, na nilikuwa naomba iwe hivyo. Mchana mmoja tulikuwa ukumbini tunachambua mchele, sisi wawili tu, akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye sinia.

"Siku ile ulikuwa ukicheka."

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Kile kikuba sikukitunga kwa—"

"Kikuba nimeshakuachia. Mungu ndiye anayejua. Nakuuliza kicheko. Na marehemu, ulikuwa ukicheka naye namna ile?"

Mchele ulikuwa mkononi mwangu. Nilifikiri kumdanganya, kwa sababu alikuwa mzee na mwanawe alikuwa amekufa, na uongo ule ungemfurahisha.

"Mwanzoni," nilisema. "Miaka ya mwanzo."

"Na karibuni?"

"Hapana, mama."

Alitoa chuya mbili, akaziweka kando ya sinia. "Hata yeye hakuwa akicheka," alisema. "Alikuwa akirudi dukani, anakula, anatazama simu, analala. Nikamwambia, baba, mwite mkeo arudi, duka lipo, chakula kipo. Akasema, mama, akirudi tutazungumza nini?"

Sikujua kwamba alikuwa amesema hivyo. Nililia pale kuliko nilivyolia siku aliyokufa, na mama mkwe aliniacha nilie. Hakunishika bega, hakusema si kosa lako. Alipoona nimetulia alilisogeza sinia mbele yangu.

"Sikukupigia kwa sababu niliogopa kukuuliza hilo kwenye simu," alisema. "Malizia hapa. Mie naenda kubandika maji jikoni."

Tulikula pamoja siku ile, na siku nilipoondoka alinifungia halua na karafuu kama alivyokuwa akinifungia zamani. Tangu hapo tunapigiana. Ananiuliza hali ya hewa, ananitajia nani kaoa na nani kajifungua. Lile hatujalirudia.

Niliporudi Guangzhou kiangazi kilikuwa kimepamba moto na redio ilikuwa inatangaza dhoruba. Nilimgongea ayi nikiwa na pakiti ya karafuu mkononi. Alifungua, akanitazama nguo kwanza. Nilikuwa nimevaa dera la kijani.

"Nimekuja kuomba radhi," nilisema. Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi ndani ya ndege. "Nilikuwa na jambo langu, nikakukasirikia wewe."

"Umemaliza kusubiri?"

"Nimemaliza."

Alinusa karafuu, akaziweka juu ya kabati la viatu, hakusema asante wala hakusema nimekusamehe. "Upepo unakuja jioni," alisema. "Siwezi kuifunga bogenvilia peke yangu."

Tukapanda. Asumini ilikuwa bado inachanua upande wake wa mashariki, sikuisogelea, naye hakunichumia. Nilishikilia matawi, yeye akafunga kamba kwenye bomba la tangi, miiba ikatuchana wote wawili. Kisha tukaanza kusogeza masanduku ya waridi ukutani, moja moja, kabla mvua haijafika.