Futi Tisa au Kumi na Moja

Mtaani walimwita Mama Sare, kwa sababu nusu ya watoto waliopita barabarani asubuhi walikuwa wamevaa nguo zilizotoka kwenye cherehani yake. Mumewe alikuwa kinyozi, mrefu wa kupitiliza, na jina lake lilikuwa Mnara. Kutwa aliinamia vichwa vya watu ndani ya kibanda cha bati. Jioni alirudi kuinama tena kwenye nyumba ya kupanga, ambayo dari yake aliigusa kwa kiganja bila hata kunyoosha mkono. Feni hawakuwahi kufunga. Alisema kichwa chake bado anakihitaji.

Walipopata kiwanja na kuanza kujenga, Mnara alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Vyumba vingapi, jiko likae upande gani, mlango utazame wapi, yote alimwachia mkewe. Alidai kitu kimoja tu: dari iwe futi kumi na moja. Mama Sare akasema tisa zinatosha. Mnara alipouliza kwa nini, akajibiwa kwamba nyumba ndefu inapigwa na upepo, basi. Akataka kujua ni upepo gani huo unaochagua nyumba. Kila mara mazungumzo yaliishia hapohapo, mmoja amenuna na mwingine anajifanya ana usingizi.

Kuta zikafika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Fundi mwashi akawaambia kuzungushana kumekwisha. Anataka kujua aongeze kozi ngapi, yaani safu ngapi za tofali, kabla ya kumwaga mkanda wa juu utakaobeba paa. Wakamwomba asubiri kidogo.

Mchana mmoja Mama Sare alimaliza kazi mapema akapitia kiwanjani. Alipokata kona tu akaona. Ukuta wa mbele ulikuwa umepanda, kozi juu ya kozi, saruji ya katikati bado mbichi, na fundi yuko juu ya jukwaa la mbao anaendelea. Mnara alikuwa amesimama chini, ndani ya kile ambacho kingekuwa sebule, mikono kiunoni, anatazama juu na kutabasamu peke yake.

Akaingia hadi aliposimama mumewe. Alimwamuru fundi ateremke, na sauti yake ilikuwa ya chini mno kiasi kwamba fundi hakubisha. Aliteremka, akafuta mwiko kwenye suruali, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Malizaneni kwanza," alisema. "Msingi ni mmoja, siwezi kuupandishia nyumba mbili."

Akaenda kukaa kwenye rundo la mchanga, mbali kidogo.

Mnara alijaribu kulifanya jambo jepesi. Alisema alitaka mkewe aione kwanza, akiiona ataipenda. Mama Sare akamuuliza tangu lini wanafanyiana mambo kwa kuviziana. Hapo Mnara naye akapandisha sauti. Alisema miaka yote ameinama, kazini ameinama, nyumbani ameinama, hata kanisani wanamkalisha nyuma asiwazibe watu, na nyumba yake mwenyewe anaambiwa ainame tena bila kupewa sababu. Wakati anasema hayo, upande wa nyuma wa kiwanja wingu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Mifuko mitupu ya saruji ikaanza kutembea yenyewe.

Upepo ulikuja ghafla. Fundi alisimama akapiga kelele watoke. Mama Sare alikuwa ameshauona ukuta: kozi za juu zilikuwa zikicheza, kidogo tu, kama jino linalotaka kung'oka. Alimshika mumewe mkanda wa suruali kwa mikono miwili akamvuta kinyumenyume, mtu mrefu mara moja na nusu kuliko yeye, mpaka wakaangukia nje ya tundu la mlango. Nyuma yao tofali zikamwagika sebuleni.

Vumbi lilipotulia, Mnara alikuwa amekaa chini akitazama mahali aliposimama. Mkewe alikuwa bado ameushikilia ule mkanda.

"Ukuta wa kwetu ulimwangukia mama, siku ya upepo kama huu," alisema. "Nilikuwa darasa la tano. Ule mkono wake usionyooka, ni hapo. Hakuzaliwa nao."

Miaka yote hiyo Mnara alikuwa akimsalimia mama mkwe kwa mkono wa kushoto, na hakuwahi kuuliza. Kwao mkewe hilo halikuzungumzwa. Mnara akasema basi, ziwe tisa, hata nane kama anataka.

Mvua ikawakimbizia kwenye banda la kuhifadhia saruji, wote watatu. Mama Sare akamgeukia fundi akamuuliza, bila hasira, ukuta umeanguka kwa sababu ni mrefu?

Fundi alikuna kidevu. Akasema hapana, umeanguka kwa sababu ni mbichi na haujafungwa, na yeye mwenyewe amekosea kuupandisha upande mmoja peke yake wakati wa mawingu. Akaeleza nondo za kwenye kona, mkanda wa zege wa kuzunguka nyumba nzima, na vyuma vya kufungia mbao za paa. Mama Sare alimrudisha nyuma mara nyingi, kama mteja anayekagua mshono, mpaka akaelewa kila chuma kinashika nini.

"Kumi," alisema mwishoni. "Sebuleni na chumbani kwetu. Kwingine tisa. Na baraza tunaiacha, pesa yake inunue nondo."

Mnara alifungua mdomo ashukuru, akaona uso wa mkewe, akaanza kuhesabu mifuko ya saruji.

Walihamia kabla baraza haijafikiriwa tena. Upepo mkubwa wa kwanza ulimkuta mke nyumbani kwenye cherehani, mume kibandani. Mnara alimwacha mteja na kichwa kilichonyolewa nusu, akakimbia kwenye mvua, akijua atamkuta mkewe amesimama nje barabarani kama alivyozoea kila upepo ulipovuma walipokuwa wamepanga.

Hakuwa nje. Alikuwa katikati ya sebule, futi kamba shingoni, ametazama juu. Paa lilikuwa linaguna. Mnara alisimama karibu naye, wima, maji yakimchuruzika, na hakumgusa. Bati liliguna, likatulia, likaguna tena, kisha upepo ukahamia mitaa mingine.

Mama Sare alishusha pumzi.

"Funga dirisha la nyuma," alisema, "maji yanaingia." Kisha akamuuliza amemwacha nani kibandani.