Nyumba Isiyomwacha Mgeni Peke Yake

Nyumba ya mama yangu pale Kalangalala ilijulikana Ulaya kabla haijaingia umeme. Nasema hivi kwa majivuno na sioni haya. Walikuwapo matajiri wa dhahabu waliojenga nyumba za maana mjini Geita, na magari yao yamepangwa nje, lakini hakuna mtu wa ng'ambo aliyewahi kushuka stendi akawaulizia wao. Aliyeuliziwa alikuwa mama yangu, muuza karanga na michembe, yaani viazi vitamu vya kukausha, sokoni, mwenye nyumba ya bati yenye mlango wa buluu.

Ilianza miaka ya tisini ikiwa inaelekea ukingoni. Baba alikuwa kazini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Shinyanga, anakuja na kuondoka. Mimi nilikuwa nasomea uhazili Mwanza, nikirudi nyumbani kila nikipata likizo. Likizo moja mama aliingia uani akiwa na beseni lake la karanga kichwani, na nyuma yake kijana wa Kizungu anachechemea huku akisukuma baiskeli.

Kijana alikuwa ametoka Mwanza kwa baiskeli, anaelekea Runzewe na mbele zaidi, goti likamvimba alipofika Geita. Siku hizo kulikuwa na rashi. Dhahabu ilikuwa imeonekana mahali, wachimbaji wakamiminika kutoka kila upande, na gesti zikajaa mpaka watu wakalala kwenye korido. Mama alimkuta sokoni amekaa juu ya gunia la mtu, anatazama goti. Hakumuuliza ametoka wapi wala anasali wapi. Alimwashiria ainuke wafuatane.

"Mama, tutaongea naye nini?" nilimuuliza.

"Wewe si umesoma Kiingereza? Au karo ilikwenda bure?"

Basi nikawa mkalimani. Kijana alikaa kwetu mpaka goti lilipopona. Alikula ugali wa muhogo na samaki kwenye sinia moja na sisi, alijifunza kusema mwangaluka asubuhi na wabeja akishashiba, na majirani wakapata mtu wa kumcheka alivyokuwa akipambana na mlenda. Hakukaa peke yake hata kidogo. Kwetu Usukumani mgeni ana haki ya kuwa na mtu pembeni. Si lazima mtu huyo aongee. Anaweza kuwa anachambua mchele au anashona ukindu, ilimradi yupo. Mgeni ukimwacha peke yake umemwambia umemchoka, hata kama umemchinjia kuku. Mama alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo: mgeni aliyeachwa peke yake huanza kuhesabu mbao za paa, na akizimaliza huhesabu dhambi za mwenye nyumba.

Siku ya kuondoka mama alimsindikiza mpaka nje ya mji, akampa michembe ya njiani. Tukadhani habari imeishia hapo.

Haikuishia hapo. Baada ya miezi kadhaa walikuja wengine, mume na mke, na kipande cha karatasi chenye maelekezo: shuka stendi, nenda sokoni, muulize mama wa michembe. Mama alitaka kujua nani amewapa habari zake. Wakasema kijana wa baiskeli ameandika kwenye intaneti. Mama akauliza hiyo ni redio ya wapi.

Nilikuja kuielewa mwenyewe nilipopata kazi Mwanza, kwenye duka la kupiga chapa na fotokopi. Bosi wangu, mzee wa Kihindi mpole sana ila mbele ya bili ya simu, alikuwa ameunganisha kompyuta moja na intaneti. Nilimwomba nitazame kidogo kabla ya kufunga. Nikakuta mahali ambapo wasafiri wa nchi mbalimbali waliandikiana kuhusu nyumba walizolala, walichokula na walivyopokelewa. Mimi nilipaita barazani, maana palikuwa baraza kweli, ila watu wake hawakuonana nyuso. Na humo, katikati ya nyumba za Uhindi na za Meksiko, nikamkuta mama yangu. Kijana wa baiskeli alikuwa amemwandika vizuri, goti, mlenda, michembe na yote. Nilimwita bosi aje aone. Akasoma, akanitazama, akasema, "Binti, mama yako mkubwa kuliko duka langu." Siku ile bili ya simu hakuitaja.

Tangu hapo wageni waliendelea kuja mmoja mmoja, na mama akanawiri. Hakuwa akifanya biashara. Mgeni akiacha kitu, sawa, asipoacha, alikuwa amekula chakula cha nyumba kama watu wengine. Alichokuwa akikipata ni jina. Mama yake mzazi, huko kijijini, alisifika kwa kupokea watu, na mama alitaka naye aambiwe hivyo kabla hajafa. Sokoni wenzake walimtania, "Balozi wa Wazungu." Alijifanya hapendi.

Halafu alikuja bwana mmoja mtaratibu, mwenye chujio lake la maji na kitabu kinene. Mimi nilikuwa Mwanza. Nilipokwenda nyumbani mama alinisimulia habari zake kwa furaha kubwa. Kwa sababu mkalimani hakuwapo, aliona bora aongeze bidii. Bwana akisoma kitabu, mama alileta kigoda akakaa mlangoni na ungo wake. Mama akienda sokoni, jirani alishika zamu. Bwana akitaka kutembea, watu walifuatana naye. Bwana alitabasamu muda wote.

"Sikumwacha hata dakika moja," mama alisema. Ungemwona, ungejua kabisa kwamba ameridhika.

Niliporudi kazini nikaona yule bwana naye ameandika. Alisema chakula kilikuwa kizuri na watu wema. Kisha akaandika: lakini ninawaonya wenzangu, katika nyumba ile hawakuachi hata dakika moja, nilijiona kama mtu aliyewekewa ulinzi, na anayependa utulivu wake aende gesti. Maneno yale yale ya mama, hata dakika moja, yamegeuzwa kuwa mashitaka.

Damu ilinichemka. Mimi si mtu wa kumezea mambo. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikajibu kwa Kiingereza changu cha uhazili, chenye heshima zote za barua ya ofisi na hasira zote za mtoto wa mtu. Nikaandika kwamba mama yangu hakumlinda mtu, alimpa ukarimu. Nikaandika kwamba kwetu anayeachwa peke yake ni mchawi, na kwamba kama bwana alitaka kutendewa kama mchawi angesema mapema, majirani wangemsaidia. Hilo la mwisho bosi alinishauri nilifute. Sikulifuta.

Barazani kukawaka moto. Wengine waliandika kwamba bwana ana haki ya kupumzika, wengine kwamba aliyefuata utulivu Geita wakati wa rashi amepotea njia. Kijana wa baiskeli alijitokeza kututetea. Watu wa nchi ambazo sijui hata zilipo walikuwa wakibishana juu ya kigoda cha mama yangu. Nilijiona mkubwa, siwezi kuficha.

Kosa likawa kumwambia mama. Nilidhani atafurahi kusikia anavyotetewa, nikamweleza kisa chote tangu mwanzo. Alikuwa anamenya karanga. Akaacha.

"Anasema nilimlinda kama mwizi?"

"Hakusema mwizi, mama."

"Mwingine anayelindwa ni nani?"

Nikamwambia walivyomjibu. Hakuwa na habari nao. Alisema watu mia wakikusifu na mmoja aliyelala kwako akakulalamikia, huyo mmoja ndiye aliyelala kwako. Usiku ule hakula. Na mimi, niliyejibizana na dunia nzima, nikaifunika sahani yake nikaiweka pembeni. Kabla sijaondoka aliniambia mgeni mwingine akija atampokea Kizungu, amwache na utulivu wake, na baada ya hapo mlango utafungwa. Kama hajui kupokea watu, aendelee na karanga. Alilisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitia hofu. Niliona jina alilokuwa akilijenga miaka yote ameamua kulibomoa mwenyewe.

Mgeni huyo mwingine alikuja nikiwa nyumbani kwa likizo. Alikuwa mwanamke mtu mzima wa ng'ambo, mvi kichwani, ameshuka kwenye basi la kutoka Runzewe akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Nilitaka kukaa naye, mama akanifinya mkono.

Mama alimpokea Kizungu kweli. Alimwonyesha chumba, akampelekea maji ya kuoga, kisha chakula kwenye trei, sahani yake peke yake na kitambaa juu, akafunga mlango. Majirani alikuwa amewakataza wasije. Sisi tulikula jikoni kimyakimya kwenye sinia, na mama kila mara alisimamisha tonge akasikiliza. Mle chumbani hakukusikika kitu.

"Amelala?" aliniuliza.

"Sijui. Umeniambia nisiende."

"Ndiyo. Usiende."

Nimemwona mama yangu akilima na mimba, nimemwona akivuka mto umejaa, lakini kazi ngumu kuliko zote niliyomwona akiifanya ni ile ya kutokwenda kukaa na mgeni wake. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alichambua mchele ambao hatukuwa tunaupika.

Asubuhi alimpelekea chai na michembe ya kuchemsha, akafunga mlango tena. Haukupita muda mlango ukafunguka. Yule mgeni alitoka na trei yake mikononi, hajagusa kitu, akavuka uwanja mpaka jikoni, akasimama kizingitini moshi ukimwingia machoni. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea adabu, kama amekuja nyumba siyo.

Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo.

"Nilisoma onyo la bwana mmoja," alisema. "Aliandika kwamba kuna nyumba Geita ambayo hawakuachi peke yako hata dakika moja. Nikaitafuta hiyo. Mume wangu alifariki, na tangu hapo nakula peke yangu. Nilitaka kukaa mahali kama hapo, japo siku chache."

Nilimfasiria mama. Akaniambia nirudie, nikarudia. Mama akapokea trei, akaiweka chini, akamshika mgeni mkono akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe.

"Muulize, alipofiwa nani alikaa naye?"

Nikauliza. Yule mama akasema watu walikuja mazishini, wakatuma kadi na maua mazuri sana.

"Halafu?"

"Halafu kila mtu akarudi kazini kwake."

 Mama akaanza kufoka, na alinifokea mimi kwa sababu mgeni asingeelewa. Mtu ana msiba, anaingia nyumbani kwake, analazwa chumbani amefungiwa mlango kama debe la mahindi. Kwa sababu ya bwana mmoja na kitabu chake. Alijitupia kanga kichwani, akatoka. Nilimsikia anamwita jirani wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa ng'ambo ya barabara.

Mimi na yule mama tulikunywa ile chai. Tulipokuwa tunamaliza, wanawake walianza kuingia uani mmoja mmoja, kanga zimefunika vichwa, sauti zimeshushwa. Mmoja alikuja na bakuli la unga. Mwingine alikuja na mzigo wa kuni, akautua taratibu kando ya jiko. Waliacha viatu pembeni, kila mmoja akamshika mgeni mkono kwa mikono yake miwili akasema pole, mayu, yaani pole mama, kisha wakakaa mkekani kumzunguka. Hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa nani, wala alizikwa nchi gani. Mama alikaa karibu naye zaidi ya wote, bega kwa bega, amenyoosha miguu kama mtu asiye na safari.

Nimefanya kazi katika ofisi kubwa baada ya hapo, nimetambulishwa kwa watu wenye vyeo. Sijawahi kuona fahari kusema huyu ni mama yangu kama nilivyoiona asubuhi ile, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, wote pale walikuwa wanajua.

Yule mama aliwatazama, machozi yakimtoka, akaniinamia.

"Wanafanya nini?"

"Wamekuja kukaa nawe msibani."

"Lakini huu ni mwaka wa tatu tangu afariki."

"Wasamehe," nikamwambia. "Taarifa wameipata leo."