Koti la Baba Hamisi

Kwanza uniondolee hilo tabasamu. Ninalokueleza hapa si ngano ya kulaza watoto, wala sikulipata kwa jirani. Limenikuta mimi, uani kwangu, jua likiwa utosini, nimeshika kisu namenya muhogo. Watu wakisikia habari za wafu wanataka usiku, wanataka bundi na upepo wa kutisha. Hapakuwa na bundi. Palikuwa na kuku na nzi. Jicho langu la kushoto lina ukungu, sikatai, lakini la kulia linatia uzi kwenye sindano, na masikio yangu ni mazima. Hayo masikio ndiyo yaliyoteseka miaka yote niliyoishi na yule bwana.

Yule bwana ni mume wangu, Selemani Nandonde, Baba Hamisi. Tunakaa kijijini, ukitoka Mtama unaiacha lami unaingia kwenye mikorosho, unakwenda mpaka unajiuliza kama umepotea, hapo ndipo kwetu. Baba Hamisi hakupata kupiga hodi nyumbani kwake. Alikohoa. Kikohozi kimoja kirefu, kama mtu anaburuta kitanda cha mbao, na kuku wote wanatawanyika. Akishaingia, anakaa kwenye kigoda chake, anafunua chungu, anauliza: "Mama Hamisi, huyu samaki aliingia humu kwenye mchuzi, au alipita tu akausalimia?"

Na koti. Koti la kahawia, alilinunua Lindi dukani kwa Mhindi tulipokuwa bado vijana, akalivaa masika na kiangazi, joto likichoma yeye yumo ndani yake anatoka jasho kama mtungi. Mifukoni alijaza maganda ya muhogo ya kuwapa mbuzi. Nikilifua natoa maganda, nikiyatoa ananuna siku nzima. "Umewadhulumu mbuzi," anasema. Hivi mwanamke gani ananuniwa kwa sababu ya maganda?

Halafu kulikuwa na chui wake. Watoto wangu wote wamelelewa na yule chui. Eti Zuhura alipokuwa tumboni, chui aliingia zizini usiku, na Baba Hamisi akamkabili peke yake kwa panga, chui akakimbia analia. Kila mgeni alilishwa chui huyo pamoja na ugali. Ukweli wake tuliujua watu wawili tu, mimi na yeye, na hatukumwambia mtu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Ukoo wa mume wangu na ukoo wa akina Mkwinda ni watani tangu mababu. Mtani wako akifiwa, unakwenda. Huendi kulia, wa kulia wapo. Unakwenda kumwiga marehemu. Unavaa nguo yake, unatembea mwendo wake, unausema ubahili wake na ulafi wake mbele ya waliofiwa, mpaka acheke hata yule ambaye tonge halijapita kooni. Wanaume wakifika makaburini, mtani anajilaza kaburini, hatoki mpaka abembelezwe. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Hiyo ndiyo heshima yetu. Mtu akizikwa bila kutaniwa, ni kama mmefukia gogo.

Baba Hamisi alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alipokufa Bibi Fatu Mkwinda, binti yake, Somoe, alikuwa hajala tangu mama yake akate roho. Selemani akajifunga kanga ya marehemu, akashika mchi, akatwanga kinu kitupu huku anawasema wakwe kwa sauti ileile ya Bibi Fatu. Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba uji. Tukiwa njiani kurudi, mume wangu akaniambia, "Siku yangu ikifika, koti hili alivae Ausi Mkwinda. Nataka nichekwe, Mama Hamisi, mpaka ninyi mnaolia mwone haya." Huo ndio wasia wake. Hakuacha mwingine.

Akafa. Na nani akauvunja huo wasia? Kifungua mimba wangu, Hamisi, niliyemnyonyesha mimi mwenyewe.

Hamisi anakaa Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, nyumba ya bati la rangi na geti. Alikuja msibani na wenzake wa kazini, wamevaa miwani ya jua, wanakaa kwenye jamvi kama wamekalia miiba. Mimi niko ndani, nimezungukwa na wanawake. Mara nikasikia sauti ya Ausi Mkwinda huko nje. Ameshalitwaa koti kwenye kamba, ameshalivaa, anakohoa kile kikohozi.

"Yuko wapi yule mlafi? Mleteni nimvishe koti lake asipate baridi huko aendako! Ingawa kwa matendo yake, huko aendako hakuna baridi!"

Wanawake ndani wakaanza kuguna, wengine wameziba midomo kwa kanga. Mimi, machozi hayajakauka, nikasikia kifua kinafunguka. Nikasema moyoni, haya, Baba Hamisi, siku yako hiyo.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanangu. "Mzee, hapa ni msibani. Tuna wageni."

"Wageni ndio wazuri," Ausi akajibu. "Hawajayasikia maovu yake."

"Nimesema vua hilo koti. Mnatutia aibu na mambo yenu ya kishamba."

Akamvua. Wallahi, alimvua mzee Ausi koti mwilini, mbele ya watu. Nikapiga kelele, nikataka kutoka. Zuhura, binti yangu, akanishika. "Mama, tulia, wageni wa kaka wanasikia." Wageni wa kaka! Na mwenye msiba ni nani, wageni?

Ausi hakurudisha tusi. Nakwambia, mtani asiporudisha tusi, ogopa. Alisema tu, "Haya, baba. Poleni na msiba," kama mpita njia, akaondoka na watu wake wote. Mume wangu akazikwa kimya, vizuri, kwa adabu, kama mtu asiyejulikana na yeyote. Hamisi akalichukua lile koti kwenda nalo Mitwero, eti kumbukumbu. Akalifungia kabatini.

Mimi nikakaa eda na hasira yangu. Nilimkasirikia Hamisi, nikamkasirikia Zuhura, nikamkasirikia hata marehemu kwa kufa siku ambayo Hamisi alikuwa na likizo.

Korosho zikaanza kuanguka. Siku hiyo Zuhura na watoto wake walikuwa shambani wanaokota, kijiji kitupu. Nimekaa mlangoni pa jiko namenya muhogo. Nikasikia kikohozi.

Kuku wakatawanyika. Tangu azikwe yule bwana, kuku wangu walikuwa hawatawanyiki kwa mtu. Hata mbwa akipita walimtazama tu.

Akaingia mtu amevaa koti la kahawia, kofia ya ukindu ameishusha mpaka puani. Unadhani niliogopa? Nilikasirika. Nilijua ni Ausi Mkwinda, kajishonea koti la kufanana na lile, kaja kumaliza kazi yake.

"Ausi!" nikamwambia. "Huna haya? Mjane yuko eda, na wewe mwanamume unaingia uani hata hodi huna?"

Akakivuta kigoda, akakaa amenipa ubavu, akatazama mikono yangu.

"Mama Hamisi, huo muhogo unaumenya, au unauchonga kinyago?"

Nikacheka. Sikutaka, kicheko kilitoka chenyewe. Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mvuto wa pua mwishoni. Nikasema, huyu Ausi kumbe ni bingwa kuliko marehemu. Basi akaendelea. Akafunua chungu, akaguna kama anavyoguna. Akainuka akamwiga Hamisi akishuka garini, anavuka tope kwa ncha za vidole kama jogoo aliyekanyaga gundi, ameshika simu juu anatafuta mtandao. Nilishika mbavu. Akainama, akazoa maganda ya muhogo, akayatia mfukoni. Nikamwambia, "Na hayo nani kakufundisha, mshenzi wewe?"

Halafu akafanya chui.

Nilidhani atafanya ule wa panga. Hakuufanya. Aliukumbatia mwimo wa jiko kama mtu anayeparamia mti, miguu inapapatika, akalia kwa sauti nyembamba, "Mwanamke, leta mwenge! Leta mwenge, ananila!" Kisha akabweka. Kibweko kimoja kidogo, cha mbwa mwenye njaa.

Kisu kikaniponyoka. Maana ndivyo ilivyokuwa. Ule usiku hapakuwa na chui. Alikuwa mbwa wa jirani, na mume wangu alikuwa juu ya mkorosho, na mimi na tumbo langu nilikuwa chini na mwenge, nacheka mpaka nikaogopa nitamzaa Zuhura palepale.

"Nani kakwambia hilo?" nikamuuliza.

"Nani alikuwa chini anacheka?" akaniuliza yeye.

Ndipo upepo ukaleta harufu ya lile koti. Kafuri. Ile wanayooshea maiti. Najua unataka nikwambie alikuwa na kwato. Hapana, alivaa katambuga za tairi kama kila mtu. Unataka nikwambie hakuwa na kivuli. Jua lilikuwa utosini, hata mimi sikuwa nacho. Ilikuwa kafuri, basi.

Akaniuliza polepole, sauti haina utani tena, "Imetosha, au niongeze?"

"Imetosha, Baba Hamisi," nikasema. Ulimi ulisema kabla akili haijajua.

Akakohoa, akapita nyuma ya jiko. Nikasikia mbuzi wanalia kile kilio chao cha kuona maganda. Nilipozunguka, hapakuwa na mtu.

Zuhura alinikuta nimekaa chini, nacheka na kulia. Nikamtuma saa ileile kwa Ausi Mkwinda. Kwenda, akamkuta Ausi kitandani, mguu una gango. Alikuwa ameanguka kitambo, na kutoka kitandani ni kwa kubebwa. Zuhura akamweleza. Mzee Ausi akasema:

"Kamwambie mama yako mimi sijafika. Na ningefikaje? Koti nilivuliwa. Kwa hiyo mtani wangu kakosa wa kumtania mpaka katoka alikotoka, kaja kujitania mwenyewe? Tangu nizaliwe sijasikia maiti aliyeaibishwa hivyo."

Wala hakucheka, Zuhura alisema. Hakucheka hata kidogo.

Nikampigia Hamisi simu. "Mama," akasema, "ulisinzia juani." Nikamwambia kafungue kabati lako. Akasema ana kikao. Aliyelifungua ni mkewe, Rehema. Jioni akanipigia yeye. "Mama, shikamoo. Samahani, mama. Koti la baba nani kalivaa? Mfukoni mna maganda ya muhogo, bado mabichi, na sisi hapa tunakula wali."

Siku ya pili Hamisi alikuja mbio, bila miwani. Nikamtwisha mchele kichwani na jogoo mkononi, maneno yangu makali yakamsindikiza mpaka njia panda, akaenda kwa Mkwinda kuomba radhi. Alirudi mapema mno. Nikamuuliza, kakutukana? Kakufukuza? Kakumwagia majivu?

"Hapana, mama," akasema. "Amenipokea vizuri sana. Kanikaribisha kiti. Kaniuliza habari za kazi."

Nikajua utani umekwisha. Mchele wameula, radhi wametoa, lakini utani hawakuurudisha. Mpaka leo nikikutana na Ausi Mkwinda kisimani, na fimbo yake, ananiambia, "Hujambo, mama? Watoto hawajambo?" Mtu aliyekuwa akiniita kinu kilichopasuka! Nami namjibu kwa adabu, nakwenda zangu nimeuma meno. Mtani akikusalimia kwa adabu, ameshakuzika.

Nilimuuliza na ustadhi wetu: mwanamume akiingia uani kwa mjane, na mwanamume huyo ni marehemu mwenyewe, eda imeharibika? Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Jibu sijapata.

Mwisho wangu ni huu, na wewe unayesikiliza uushike. Una watani? Usiwafungie mlango. Waingie wamevaa matambara, wamseme baba yako mbele ya wakubwa zako wa kazi, wewe vumilia, ucheke. Aibu utakayoikimbia siku hiyo itakufuata mpaka ndani ya kabati. Kikohozi bado nakisikia baadhi ya adhuhuri, na kuku wanatawanyika, lakini haingii tena. Nadhani anaona haya.

Nami sina wa kunitania. Nimeshamwambia Hamisi, na Zuhura akiwa shahidi: aende kila Ijumaa kwa Ausi Mkwinda, akae, aombe, mpaka yule mzee amtukane. Siku atakayotukanwa ndiyo siku nitakayomsamehe. Na kama nitakufa kabla, nikazikwa kimya kama baba yake, nitakuja mwenyewe Mitwero, mchana, mbele ya wageni wake wote. Baba yake alikuja na mzaha kwa sababu alikuwa mtani.

Mimi utani sijui.