Mama hakuwa anasifu

Leo kanisani pasta amesema tuinue mikono. Mimi nikakalia yangu.

Dada mmoja akanigusa bega. "Uko sawa?"

Siko sawa. Wacha niwaambie.

Miaka ya tisini, Mama alikuwa amelala mgonjwa kwa nyumba yetu mtaani Manyatta. Huyu ni mama aliyeuza omena, wale samaki wadogo, soko la Kibuye, akiita wateja unamsikia mpaka barabarani. Siku hiyo sauti ilikuwa imebaki kidogo tu.

Akaniita karibu. "Nyathina, mtoto wangu, mimi naenda. Wacha nikuambie..."

Shangazi akaruka. "Shetani ashindwe! Huendi popote, kwa jina la Yesu!"

Kwake na kwa akina mama wa kanisa waliokuja kuomba, kuaga ilikuwa kukosa imani. Wakaanzisha wimbo, makofi yakajaa nyumba.

Mama akajaribu tena. Niliona midomo ikisonga. Sikusikia kitu.

Basi akainua mkono.

Alikuwa anawaomba wanyamaze, jamani! Mimi nilikuwa nimeushika ule mwingine, nilijua.

Wao wakaona anamsifu Mungu.

"Haleluya!" Wote wakainua yao, na wimbo ukapanda.

Mkono wa Mama ukashuka peke yake. Wimbo ulipoisha, alikuwa ameenda.

Mnaniambia tutaonana mbinguni. Sawa. Lakini mimi nilitaka yale maneno hapa.

Kama mtu wako alipata nafasi ya kukuaga, niandikie hapo chini alisema nini. Hata kama ni kitu kidogo.

Nataka tu kusoma.