Mke wa Rubani, Kilakala

Siku mwenzake na mama mdogo alipopasuliwa tumbo, nilichemsha chai nusu ya Bwawa la Mindu. Sikuweza kukaa. Mama mdogo ndiye hakuweza zaidi. Walikuwa wameshuka wote wawili kutoka Mgeta na lori la karoti, mmoja akimwegemea mwingine, na sasa mmoja alikuwa wodini na mwingine anazunguka sebuleni kwangu, sebule ambayo panzi akiruka anagonga ukuta.

Hao wawili wamelima pamoja tangu sijazaliwa. Nyumba moja, jiko moja, njegere zao na kabichi zao. Ukoo ulishachoka kuuliza. Sisi watoto tuliwaita wote mama mdogo, yakaisha.

Kuona wagonjwa ni saa kumi. Saa saba yeye alikuwa ameshaswali adhuhuri na kujifunga kanga za kutokea.

"Keti basi, mama mdogo."

"Nikiketi itakuwa saa kumi?"

Nikawasha tamthilia ili macho yake yapate kazi. Ni ya chombo cha anga, miaka milioni ijayo, imetafsiriwa na jamaa mwenye sauti ya kung'oa mabati. Fundi, mwanamke, ametoka nje kuziba tundu. Rubani, mwanamke pia, amebaki mlangoni analia. Jamaa akanguruma: "Dada yangu! Rudi, dada yangu, mama anatusubiri Kibaha!"

Mama mdogo akaacha kuzunguka.

"Huyo si dada yake."

"Umejuaje?"

"Mama yako alipofariki nililia mpaka nikazimia. Dada yangu, tumbo moja. Sikulia hivyo." Akanigeukia. "Wewe una cheti cha shule ya usiku. Huyo rubani kasema nini hasa?"

Cheti hicho nimekisifia mpaka kuku wa jirani wanajua. Kwa Kiingereza changu, najigamba, naweza kugombana na Mwingereza mpaka aombe radhi. Siku hiyo nilikumbuka birika. Nikaenda jikoni, nikamimina chai nyingine, nikarudi. Bado amesimama.

"Kasema, 'mke wangu.'"

Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga kisamvu. Nikaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Na hao wenzao chomboni wanasemaje?"

"Hawasemi kitu. Wanawasalimia, wanawapangia zamu."

"Wanawapangia zamu," akarudia polepole. Kisha: "Anakufa, huyo wa nje?"

Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Tamthilia hizi nimeziona kama elfu kumi hivi, na wanawake wa namna hiyo waandishi hupenda kuwaua mapema, hata kabla ya majambazi.

"Sijafika huko."

"Mwondoe huyo mropokaji wa Kibaha. Nitafsirie wewe."

Nikachomeka flashi yenye ile isiyotafsiriwa, tukaanza upya. Mimi, ambaye panya nikimsimulia huwa chui, sikuongeza hata neno. Mke wangu, nikasema. Nipo hapa mlangoni. Vuta kamba pole pole. Mama mdogo alisikiliza amekunja vidole. Kamba ilipokaza na fundi bado ananing'inia gizani, akainua mkono.

"Simamisha hapo hapo. Sitaki kujua la huyo kabla sijajua la kwangu."

Tukaondoka mapema mno, tukasubiri getini juani. Wodini nesi akatuuliza mgonjwa ni nani wetu.

"Dada yangu," akajibu mama mdogo, bila kupepesa macho.

Mwenzake alikuwa amelala, uso umepauka, mpira wa dripu mkononi. Akafungua jicho moja. "Umekula?"

Ndipo mama mdogo alipolia. Alilia kama yule wa mlangoni, bega linaruka, kanga mdomoni. Nesi akatabasamu, akaniambia, "Mgonjwa anaendelea vizuri. Lakini mtu na dada yake kupendana hivi, sijawahi kuona!"

Tafsiri ilikuwa ulimini, inanichoma kama pilipili. Mama mdogo, machozi yakimtiririka, akanyoosha mkono akanifinya paja. Nikaimeza.